Ugonjwa Unaopona Ukikaa

Pale hospitalini walimwita King'ora, na jina hilo alilipata kihalali. Kazi yake ilikuwa kusukuma machela: kuwatoa wagonjwa mapokezi na kuwafikisha wodini, kuwatoa wodini na kuwapeleka eksirei au chumba cha upasuaji, kisha kuwarudisha. Kabla hajakata kona alishapaza sauti, "Njia! Njia jamani, mgonjwa!" na watu wakajibana ukutani hata hawajamwona. Alikuwa mwanamume wa thelathini na kitu, kifua kimejaa, miguu imetuna vigimbi kwa sababu ya mpira aliocheza tangu utotoni. Sigara hakuvuta, pombe hakuigusa. Mkewe, ambaye alikuwa msusi, aliwaambia wateja wake kwamba mume wake hajawahi kuugua hata mafua ya maana.

Hospitali yenyewe ilijengwa juu ya kilima. Jengo la zamani lilikuwa chini, jipya juu, na katikati palikuwa na njia ndefu ya mwinuko iliyoezekwa mabati. Lifti ilikuwepo, lakini ilikuwa na mambo yake. Siku ikiamka vibaya hakuna aliyeibembeleza ikakubali. Kwa hiyo wagonjwa walipandishwa mwinukoni kwa nguvu za watu. King'ora alishika nyuma akisukuma, na mwenzake, mzee mmoja waliyemwita Kasuku, alishika mbele akivuta huku akiongea. Kasuku alifunga mdomo akilala tu, na mkewe alisema hata hapo si sana.

Siku moja mchana, wakiwa katikati ya mwinuko na mgonjwa wa tumbo, King'ora alihisi shavu la mguu wa kushoto likikaza kama kamba ya kuanikia nguo. Likakaza, likawa jiwe. Vidole vya mguu vikafa ganzi ndani ya kiatu.

"Mzee, ngoja kidogo," alisema.

"Ngoja nini? Mgonjwa anasubiriwa!"

"Nimesema ngoja."

Wakasimama. Hata Kasuku hajamaliza kulalamika, maumivu yakawa yametoweka, kana kwamba mtu kayafuta kwa kitambaa. Wakaendelea. King'ora akasema moyoni ni uchovu, akayasahau.

Lakini mguu haukusahau. Kesho yake ukakaza palepale, na wiki iliyofuata ukakaza hata kabla ya kufika palepale. Kila mara ilikuwa hivyo hivyo: akitembea kwa kasi au akipanda, unakaza; akisimama, unaachia. Akaanza kutafuta visingizio vya kusimama. Atajifanya anafunga kamba za viatu. Atasoma tangazo la chanjo lililobandikwa ukutani, tangazo ambalo alikuwa amelisoma mpaka analijua kwa moyo, nukta na mkato. Wakati mwingine atasimama kuwasalimia wauguzi ambao hajawahi kuwasalimia, na wao wakaanza kutazamana.

Wenzake si watu wa kukosa la kusema. Haukupita muda wakaanza kumwita Kituo, maana kila hatua chache anashusha abiria.

Alicheka nao. Usipocheka na watani wako wanakutia chumvi kwenye kidonda. Lakini rohoni alikuwa anaungua.

Akaenda kwa daktari wa wafanyakazi. Daktari alikuwa na foleni inayofika mlangoni, alimbonyeza mguu mara mbili juu ya suruali, akasema, "Misuli imechoka. Kazi yako nzito," akampa vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua. Vidonge vilimuumiza tumbo. Dawa ya kuchua ilinuka nyumba nzima, mpaka bintiye mdogo akakataa kukaa mapajani mwake.

Akarudi. Safari hii akapelekwa kwa daktari wa mifupa, ambaye King'ora alikuwa amemsukumia wagonjwa miaka na miaka. Daktari wa mifupa alikuwa mtu mwema, mcheshi, mwenye haraka. Akampiga picha ya mgongo na ya goti. Mifupa ilikuwa mizuri ajabu.

"Mishipa ya damu je, daktari?" aliuliza King'ora. Hakuuliza kwa sababu ana ujuzi wowote. Aliuliza kwa sababu mguu ulikuwa baridi kila ukikaza, na hakujua neno jingine la kuuliza.

Daktari akamlaza kitandani, akamgusa unyayo kwa juu, akasikiliza kwa vidole. "Mapigo haya hapa, yanadunda vizuri kabisa. Wewe kijana, huvuti sigara, huna sukari, mishipa ya damu izibe kwa lipi? Hii ni neva, inabanwa mgongoni. Nenda kwa mtu wa mazoezi."

Akaenda. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha kusimama kwa ncha za vidole, kisha kushuka taratibu; kusimama, kushuka, asubuhi na jioni, apate kuimarisha vigimbi. King'ora akatii kama mtoto wa shule. Kila asubuhi alishika mlango wa jikoni, akapanda na kushuka, mkewe akimtania kwamba anachungulia kwa jirani. Lakini kila akimaliza, mguu ulikuwa umekaza vibaya kuliko ukiwa kazini, na vidole vimepauka kama vya mtu aliyeshinda ndani ya maji.

Akarudi kwa mtaalamu. "Yananizidishia."

"Umeacha kufanya?"

"Sijaacha. Nimesema yananizidishia."

"Mwanzoni huwa hivyo. Basi ongeza kidogo."

King'ora alitoka pale. Akaongeza. Angefanya nini? Watu wasemao mguu wako una hivi na hivi wamesoma. Wewe unachojua ni kwamba unauma. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini maiti haulizwi.

Nyumbani nako mambo yakaanza kwenda mrama. Mwanzoni mkewe alimchua, akamkandia kwa maji ya moto, akamwombea. Lakini mwanamke huyo alikuwa anasimama kutwa nzima akisuka vichwa vya watu, anarudi na miguu imevimba, na anamkuta mume amekaa.

"Baba watoto, ndoo ya maji imeshindikana?"

"Mguu."

"Si ulikuwa unacheza na mtoto sasa hivi?"

"Nilikuwa nimekaa."

"Kwa hiyo ukikaa mzima, ukiambiwa chota maji mgonjwa."

Maneno yenyewe yalikuwa kweli tupu. Ndivyo ugonjwa ulivyokuwa. Kama angekuwa na jeraha, angelionyesha. Kama angekuwa na homa, wangemshika paji la uso. Yeye alikuwa na mguu mnene, mzuri, wa mwanamichezo, unaopona kila anapoketi mbele ya mtu wa kumwangalia.

Msimamizi wa wahudumu, mama mmoja mkavu waliyemwita Mama Ratiba kwa jinsi alivyoipenda ratiba yake ya zamu, alimwita ofisini akamwambia bila kuuma maneno.

"Mwanangu, nimefanya kazi hapa tangu hujaota ndevu. Ugonjwa gani huo unaopona ukikaa?"

"Sijui, mama. Hata mimi nauliza hilo hilo."

"Mimi najua. Huo unaitwa uvivu, na dawa yake hatuifuati duka la dawa."

King'ora alisimama, akatoka. Alitembea mpaka uani, akasimama nyuma ya matangi ya maji, akalipiga tangi teke kwa mguu ule ule. Tangi lilikuwa tupu, likalia hospitali nzima.

Lililomfikisha pabaya lilitokea mwinukoni. Walikuwa wanampandisha bibi mmoja aliyevunjika nyonga, bibi mwembamba sana lakini machela ile ilikuwa nzito. Lifti ilikuwa imenuna siku ya tatu. Walipopita nusu, mguu wa King'ora haukukaza tu. Ulikatika nguvu kabisa, kama kitu kilichokatwa umeme. Akaenda chini kwa goti. Machela ikaanza kurudi, ikamjia kifuani.

"We! We! We!" Kasuku alikuwa anapiga kelele huku anavuta kwa uzito wake wote.

King'ora akaiwekea bega, akajikaza pale chini, meno yameumana. Wapita njia wawili wakakimbia kuwasaidia, machela ikasimama. Hakuna aliyeumia. Bibi aligeuza shingo akawatazama.

"Wanangu," akasema, "mnanipeleka au mnanirudisha?"

Watu wakacheka kwa hofu iliyokuwa inawatoka. King'ora hakucheka. Miaka yote ile hajawahi kumwachia mgonjwa hata akatikisika.

Siku hiyo hiyo Mama Ratiba akamwondoa kwenye machela, akampeleka chumba cha kufulia, kukunja mashuka. Huko alikaa kwenye benchi, kati ya mashine mbili zinazounguruma, akikunja pembe kwa pembe. Na kwa kuwa alikuwa amekaa, mguu haukuuma. Waliokuwa na mashaka wakapata ushahidi. "Si mnaona? Kapata alichokuwa anakitafuta." Maneno hayo yalimfikia kupitia kwa Kasuku, ambaye alikuwa anamtetea kila mahali kwa sauti kubwa kiasi kwamba waliokuwa hawajasikia lawama walizisikia kwenye utetezi.

Wiki zikaenda. Kidogo kidogo maumivu yakabadilika. Zamani yalikuwa yakimngoja mwinukoni. Sasa yalimpokea getini. Kutoka getini mpaka chumba cha kufulia, njia tambarare ambayo mtoto angeruka kwa mguu mmoja, ilimlazimu apumzike. Hakumwambia mtu. Alikuwa amechoka kusema. Mtu akishaambiwa mara nyingi kwamba haumwi, hufika mahali akaona aibu kuumwa.

Jumapili moja mchana mkewe alikuwa amekaa kwenye mkeka anawakata watoto kucha. Alipomaliza akamwambia, "Lete na yako, maana unatoboa shuka." King'ora akanyoosha miguu. Mkewe akaushika wa kulia, akakata. Akaushika wa kushoto, akasita. Akauacha, akaushika wa kulia tena, kisha wa kushoto.

"Mguu huu umeutoa kwenye friji?"

"Mama watoto, usianze."

"Sianzi. Gusa mwenyewe." Akazitazama kucha za mumewe: za kulia nene, zenye afya, za kushoto nyembamba, hazina uhai. Kidole gumba kilikuwa na kidonda kidogo pembeni, na King'ora hakukumbuka kilitoka wapi. "Hiki kina muda gani?"

"Kipo tu. Hakiponi."

Mkewe akaweka kikatio chini. Alikuwa mtu anayeishi kwa mikono yake. Kutwa anashika vichwa, anajua ngozi yenye afya na isiyo na afya. Hakusema samahani, lakini machozi yalimlengalenga.

"Kesho tunakwenda wote," akasema. "Na mimi sitoki kwenye benchi mpaka mtu aushike mguu huu kama ninavyoushika mimi."

Kesho yake alifunga saluni, akaenda. Walikaa. Waliambiwa waje wiki ijayo, mkewe akasema, "Tutaisubiri hapa hapa." Waliambiwa daktari wa mifupa yuko kwenye upasuaji, akasema, "Hatumtaki huyo." Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, aliposhika ule mguu mwenyewe aliondoka haraka, akarudi na habari kwamba daktari wa mishipa ya damu, ambaye huja mara chache kutoka hospitali nyingine, yuko wodi ya juu na atawaona akishuka.

Daktari huyo alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Akakuta watu wawili wenye njaa na hasira. Hakuuliza mengi mwanzoni. Akamvua King'ora viatu mwenyewe, akautafuta mpigo kwenye mguu wa kushoto: juu ya unyayo, nyuma ya kifundo, nyuma ya goti. Akautafuta muda mrefu.

"Hapa hakuna kitu," akasema.

"Mpigo ulikuwepo, daktari. Waliukuta."

"Najua. Lete wa kulia."

Wa kulia ulikuwa unadunda. Akaweka kiganja chake chini ya unyayo. "Sasa nisukume. Kana kwamba unataka kusimama kwa vidole. Kwa nguvu."

King'ora akasukuma. Daktari akatulia, macho ameyaelekeza ukutani. "Acha. Sukuma tena. Acha." Kisha akamshika King'ora mkono, akamwekea vidole juu ya unyayo wake mwenyewe. "Sikia."

Akasikia: du, du, du. Akausukuma mguu. Pakawa kimya. Akaachia. Du, du.

Akarudia mara nyingine, peke yake, bila kuambiwa. Mkewe akasogea, naye akaweka kidole. Wote watatu wakawa wameinama juu ya mguu ule kama watu wanaotafuta stesheni ya redio.

"Kwa nini?" aliuliza King'ora. "Kwa nini unazima?"

Daktari akamweleza kwa lugha nyepesi. Nyuma ya goti unapita mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni. Kwa watu wengi unapita katikati ya vichwa viwili vya msuli wa kigimbi, kama mtu anayepita kati ya nguzo mbili za mlango. Wake, kwenye miguu yote miwili, ulikosea njia tangu akiwa tumboni mwa mama yake: umezunguka nje ya nguzo, kisha ukarudi ndani chini yake. Kila akisukuma unyayo, msuli unaubana. Alipokuwa mtoto haikuwa shida. Lakini msuli ukakua, mpira ukaukuza zaidi, mwinuko ukaumalizia. Kubanwa miaka na miaka kumeuharibu mshipa wa kushoto, ukaota kovu ndani, na sasa umeziba.

"Ni ugonjwa wa nadra," alisema. "Wengi wetu tunausoma tu. Na mgonjwa akilala, mguu ukiwa umetulia, kila kitu kinaonekana kizuri."

"Na mazoezi ya kusimama kwa vidole?" aliuliza mkewe.

Daktari akamtazama. "Nani alimpa hayo?"

King'ora alikuwa ameshika ukingo wa kitanda.

"Utapona," daktari aliendelea. "Lakini upasuaji wa kushoto si mdogo. Nitachukua mshipa mwingine pajani, niupitishe mahali pa ule ulioharibika. Ungekuja mapema, ningekata ule msuli tu, basi."

"Daktari," King'ora akasema, na sauti yake ilitoka nyembamba, si ile ya koridoni, "nilikuja mapema. Nimekuja mapema mpaka nikachekwa. Nyinyi ndio mmechelewa."

Mkewe akamgusa bega. Daktari hakukasirika. Akakaa kwenye kiti, jambo ambalo tangu aingie hakuwa amelifanya.

"Ndiyo," akasema. "Ulikuja."

Picha za mishipa zilithibitisha maneno yake. Lakini kujua ni kitu kimoja, kutibiwa ni kingine. Siku ya kwanza ya upasuaji alifunga kula tangu jana yake, akavalishwa gauni, kisha akaambiwa damu ya kuongezewa haijapatikana. Siku ya pili daktari aliitwa kwenye dharura. King'ora alivua gauni, akalikunja pembe kwa pembe kwa mazoea ya chumba cha kufulia, akalitupa sakafuni. Mkewe akaliokota.

Siku ya tatu ikatimia. Aliyekuja kumchukua alikuwa Kasuku, na kijana mmoja mgeni kwenye zamu. King'ora alilala chali akitazama mabati ya njia ya mwinuko, ambayo hajawahi kuyaona kutoka chini, na akagundua kwamba kusukumwa ni kazi ngumu kuliko kusukuma.

"Punguza kizingitini! Inua mbele!"

"Mgonjwa hana sauti," alisema Kasuku.

"Mzee, utanivunja na ule mzima!"

"Tulia. Leo wewe mzigo."

Alipozinduka kitu cha kwanza alichokihisi ni kwamba mguu wa kushoto unawaka. Akaogopa. Halafu akaelewa kwamba ni joto tu. Ulikuwa mguu wenye joto, kama ule mwingine, na alikuwa amesahau unavyokuwa. Alimwita muuguzi, akamwomba amgusie vidole amwambie kama ni kweli. Akalia bila kujificha.

Walikuja kumtazama. Daktari wa mifupa alisimama miguuni pa kitanda, mcheshi kama kawaida. "Mwenye bahati wewe! Tulishuku tu kuna kitu hapo."

King'ora alikuwa ameyapanga maneno kwa majuma, marefu, yenye makali. Yote yakamkimbia. "Hamkushuku," akasema.

Daktari akapunguza tabasamu. Akaangalia viatu vyake. "Hapana," akasema polepole. "Kusema kweli, hatukushuku." Akaondoka, na kesho yake akarudi na vijana watatu wanaosomea udaktari, akamwomba King'ora ruhusa, akawaonyesha kwenye mguu wa kulia jinsi mpigo unavyozima. King'ora akakubali. Alisukuma unyayo mara nyingi siku hiyo mpaka ukachoka, kila kijana akaweka kidole.

Mama Ratiba alikuja na machungwa. Akakaa, akauliza habari za watoto, akauliza chakula cha wodini kikoje, akasema ratiba ya mwezi ujao imembana kweli, na je, atarudi lini? Neno moja la kuomba radhi halikutoka. King'ora alilingoja mpaka mama yule akasimama, akapangusa sketi, akaaga.

"Hata samahani!" alimwambia mkewe. "Ameniita mvivu ofisini kwake, ananiletea machungwa!"

"Hata mimi nilikuita," alisema mkewe. Alikuwa anamenya chungwa lenyewe. "Nisamehe, baba watoto."

King'ora akapokea kipande, akala.

Mguu wa kulia ulifanyiwa upasuaji baadaye, ule mdogo, kabla mshipa haujaharibika. Akarudi nyumbani upesi. Hasira haikutoka kwa kisu; ilikaa naye, siku nyingine kubwa, siku nyingine ndogo, na ilimpanda zaidi alipoambiwa kwamba mshipa wa kushoto, kwa kuwa ni wa kuazima kutoka pajani, utapimwa kila mwaka maisha yake yote. "Kama ningesikilizwa," alianza kusema, akaacha, maana sentensi hiyo haikuwa na mwisho.

Alirudishwa kazini, kwanza kwa viti vya magurudumu kwenye jengo la chini. Akabishana na Mama Ratiba majuma mawili mfululizo, akaleta maneno ya daktari wa mishipa kwamba kutembea ndiyo dawa yake. Hatimaye jina lake likarudi kwenye machela. Asubuhi hiyo mgonjwa wa kwanza alikuwa fundi bomba aliyeanguka kwenye ngazi, mtu mzito, analalamika tangu mapokezi kwamba hakuna anayemwamini jinsi bega linavyomuuma.

King'ora alimfunika shuka, akakaza mikanda, akainama.

"Linauma wapi, kaka?" akamuuliza. "Hebu nionyeshe."